Kutafuta Neno ndani ya Matini: Historia ya Swali Moja la Usaili wa Waandaaji wa Programu

Katika usaili wa waandaaji wa programu za kompyuta, msailiwa huweza kutakiwa aonyeshe namna ya kutafuta neno ndani ya mfuatano mrefu wa herufi. Swali hilo huonekana kama chemshabongo tu. Insha hii inadai kwamba lilizaliwa katika kazi halisi, na kwamba historia yake inaonyesha jambo linalostahili kupimwa.

Katika majira ya joto ya mwaka 1969, James H. Morris alikuwa akitengeneza programu ya kuhariri matini kwa ajili ya kompyuta ya CDC 6400. Kurudi nyuma katika faili kila herufi ziliposhindwa kuoana kulikuwa na usumbufu. Hivyo akabuni njia ya kusonga mbele tu. Mathalani, tutafute neno "kakakuona" ndani ya "kakakakuona". Herufi 5 za mwanzo zinaoana, lakini ya 6 inakataa: matini ina "a", neno linadai "u". Njia ya kawaida hurudi kwenye herufi ya 2 ya matini na kuanza upya. Njia ya Morris hutambua kwamba "kakak" huishia na "kak", ambayo pia ni mwanzo wa neno. Herufi 3 zimekwisha kuhakikiwa. Kilichobaki ni kulinganisha herufi ya 4 ya neno na herufi ileile ya 6 ya matini.

Wenzake hawakuielewa. Miezi kadhaa baadaye, Morris aligundua kwamba marekebisho yao yasiyohitajika yalikuwa yameivuruga. Donald Knuth naye, bila kujua kazi hiyo, aliifikia njia hiyo kupitia nadharia ya Stephen Cook kuhusu mashine dhahania, na Vaughan Pratt akaiendeleza. Mwaka 1977 watatu hao walichapisha makala ya pamoja katika SIAM Journal on Computing, wakathibitisha kwamba muda wa utafutaji hukua kwa kadiri ya jumla ya urefu wa neno na wa matini, si kwa zao la urefu huo.

Njia ya mwaka 1969 ilikuwa sahihi. Kilichopungua ni maelezo yaliyoeleweka na wengine. Kwa hiyo, msaili anayeridhika na jibu lililokaririwa hupima kumbukumbu. Anayeuliza kwa nini hakuna haja ya kurudi nyuma hupima uelewa ambao kukosekana kwake kuliiharibu kazi ya Morris.