Vitamini D: Kutoka Matege ya Ulaya Hadi Kidonge Chako

Wadau, tangu enzi za Korona watu mjini wanameza vitamini D kama pipi. Hakuna cheti cha daktari, hakuna kipimo. Kabla hujameza kingine, pata kwanza historia hii.

Karne ya 19, watoto wengi wa miji ya viwanda Ulaya walikuwa na matege. Moshi uliziba jua, nyumba zilibanana. Mwaka 1919 mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky alichapisha habari za watoto aliowamulika kwa taa ya zebaki mpaka mifupa yao ikakomaa. Miaka hiyohiyo jijini London, Edward Mellanby aliwafungia ndani watoto wa mbwa, akawalisha uji mpaka wakapata matege. Mafuta ya ini la samaki yakawaponya. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani akaonyesha kuwa kinachoponya si vitamini A iliyomo kwenye mafuta hayo, bali kitu kingine. A, B na C zilikwishachukuliwa, kikaitwa D.

Kazi yake? Ngozi inaitengeneza kwa jua, ini na figo zinaikamilisha, kisha inausaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Bila hiyo, mifupa hulainika.

Sasa tuje kwenye balaa. Uingereza, katika kupambana na matege, ikawa inaongeza vitamini D kwenye maziwa ya unga na vyakula vya watoto, juu yake mafuta ya samaki. Miaka ya 1950 madaktari wakaanza kuona vichanga wanaotapika na kudhoofu, damu yao imejaa kalsiamu kupita kiasi. Mwaka 1957 viwango vikapunguzwa. Mwaka 2011 watafiti wakagundua kuwa wapo watu waliorithi jeni isiyoweza kuivunja vitamini hiyo. Kwao dozi ya kawaida tu ni hatari.

Jua halikuzidishii, maana ngozi huiharibu ya ziada. Kidonge hakina breki hiyo; ziada hujilimbikiza kwenye mafuta ya mwili na figo ndizo zinazoumia. Wataalamu wa Marekani mwaka 2010 walipendekeza yuniti 600 kwa siku kwa mtu mzima, 800 akivuka miaka 70, na wakaweka kikomo cha 4,000 kwa asiye chini ya uangalizi wa daktari.

Geuza chupa yako usome. Nawasilisha.