Sheria ya 1966, Simu ya Leo: Vile Serikali Ilipotezana na Kamari

Wasee, hii story ya kamari Kenya haikuanza na Aviator. Inaanza 1966, uhuru ukiwa na miaka mitatu tu, Bunge likipitisha sheria ya kamari, ile Sura ya 131, na kuunda bodi ya kutoa leseni. Ukiisoma unaona kabisa walioiandika walikuwa wanawaza jengo. Kuna mlango, kuna mashine, kuna mwenye jengo wa kupewa leseni au kunyang'anywa. Kwa wakati huo ilikuwa sawa. Kasino ilikuwa mambo ya watalii na masonko.

Halafu 2007 M-Pesa ikaja. Wazazi wetu walikuwa wanafurahia tu kutuma pesa ushago, hakuna aliyewaza kamari. Lakini 2014 SportPesa ilipoingia, jengo halikuhitajika tena. Mbao au finje kwa simu, umecheza. Februari 2017 Samuel Abisai akashinda jakpoti ya milioni 221, na mimi nikiwa bado shule ya msingi nakumbuka hata watoto wa darasa letu walijua hiyo namba kuliko tarehe ya mtihani.

Serikali ilifanya nini? Ikashika kikokotoo. Kampuni za beti zilikuwa zinalipa ushuru wa asilimia 7.5 ya mapato. 2017 Hazina ikataka 50, wabunge wakakataa, Uhuru akarudisha mswada na 35. Ilipoanza kazi Januari 2018, SportPesa ikakata udhamini wa ligi, Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki wakishangaa. Mwaka huo huo 35 ikashuka hadi 15. Enyewe.

2019 ndio ilikuwa moto. Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, kampuni 27 zikakosa leseni mpya, nambari zao za Paybill zikafungwa, wakurugenzi wa kigeni wakafukuzwa nchini. Zile mashine za Wachina za mtaani zikachomwa hadharani. Septemba SportPesa na Betin zikafunga kazi. Ukiangalia picha za mashine zikiungua ungedhani vita vimeisha, lakini tayari watu walikuwa wanacheza kwa simu, na simu haichomwi na chifu.

Angalia sasa ushuru wa kila beti unayoweka. Asilimia 20 mwishoni mwa 2019. 2020 ikatolewa. 2021 ikarudi kama 7.5, 2023 ikawa 12.5, Desemba 2024 ikawa 15. Yaani wakati huo ukiweka soo, bob 15 ilikuwa ya KRA kabla refa hajapuliza filimbi. Tangu Julai 2025 ni asilimia 5 ukiweka pesa na 5 ukitoa. Kila wakati tunaambiwa ni kulinda vijana. Mimi hapo siamini. KRA imeunganisha mitambo yake na hizi kampuni hadi pesa inaingia kila siku. Sasa kama unaona kila beti ikiingia, si pia unaona yule msee anaweka beti mara arobaini usiku mmoja?

Rumeti wangu wa first year alikuwa huyo msee. HELB iliingia Jumanne, Ijumaa akaniomba unga. Serikali ilimpa mkopo kwa mkono mmoja na ikakata ushuru kwa huo mkopo na mkono mwingine. Hakuna ofisi iliyowahi kumpigia simu.

Aprili 2025 bodi ikasimamisha matangazo ya kamari siku 30, halafu ikaleta masharti mapya: maselebu, mainfluensa na sisi watengenezaji maudhui tusitangaze beti. Agosti, Rais Ruto akasaini sheria mpya ya kamari, inayoleta mamlaka mpya mahali pa ile bodi. Miaka 59 baadaye, sheria inajua simu ni nini.

Hiyo ya matangazo naiunga mkono, hata kama inanigusa mfuko. Wiki chache baada ya masharti kutoka, kampuni moja ilinitumia ujumbe inboksi: niweke tu kodi yao kwa bio, nisiseme neno "beti" popote. Pesa waliyotaja ilikuwa zaidi ya HELB ya semesta nzima. Nilikataa. Wiki iliyofuata nikaona hiyo kodi kwa bio ya msee mwingine, na wafuasi wake wengi bado ni wa sekondari.