Nani Apange Programu?

Vim ni programu ya kuandikia matini katika kompyuta. Bram Moolenaar wa Uholanzi, yule aliyewaombea watoto wa Kibaale, Uganda, michango ya watumiaji wake, aliitoa mwaka 1991. Wasambazaji wa Linux wakawa wanaibadili, kila mmoja apendavyo, kabla haijamfikia mtumiaji. Mwaka 2016, katika toleo la 8.0, Moolenaar mwenyewe akabadili mpangilio wa awali. Debian 9 ilipoubeba mwaka 2017, waliozoea kubandika maneno kwa kitufe cha kulia cha kipanya walikuta hakibandiki tena. Wakalalamika! Hata hivyo, mimi namtetea mtunzi. Mpangilio wake hukupisha ukiweka faili lako la vimrc. Ya wasambazaji huyajui mpaka uhamie mashine nyingine.