Kamera ya Dola Moja

Ufundi wa Daguerre ulipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, kupiga picha kulihitaji fedha na ujuzi wa madawa. Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, aliuza kamera ya Kodak yenye filamu ya picha 100. Lakini bei yake, dola 25, iliwashinda wengi. Ndipo mwaka 1900 ikatokea Brownie, kisanduku cha karatasi ngumu kilichouzwa dola moja, ambacho hata mtoto aliweza kukitumia. Hapo mamlaka ya kuchagua sura ya kukumbukwa yakatoka katika chumba cha fundi, yakaingia nyumbani: mzazi akaweza kumpiga picha mwanawe akicheza uani, bila kumketisha wala kumpamba. Ustadi haukuenea kwa kadiri ile ile, lakini haki ya kukumbukwa ilienea.