Matuta

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni, hakuna haja ya mtu kukuambia upunguze mwendo. Upande mmoja mlima, upande wa pili bonde, na kona zinafuatana hivi kwamba dereva mgeni hufika juu shingo imekakamaa. Ukikata Soni kuelekea Bumbuli ndiyo kabisa: vumbi wakati wa kiangazi, utelezi wakati wa masika, na mbele yako lori la mboga lisilo na haraka na mtu. Nimekulia huko. Habari za "mwendo kasi" nilizisikia kwanza redioni, nikadhani ni ugonjwa wa watu wa tambarare.

Mwaka jana ulimpata mjomba wangu. Ameendesha Coaster njia hiyo tangu mimi niko shule ya msingi, na milimani hakuwahi kusimamishwa kwa kosa la mwendo. Alikuwa ameshashuka, yuko kwenye barabara kuu, akiwahisha abiria Korogwe. Katika kijiji kimoja trafiki walikuwa na tochi yao chini ya mti, ikasoma 63 mahali penye kibao cha 50. Faini shilingi 30,000, na namba ya malipo ikaja. Kilichomuudhi haikuwa pesa, ingawa pesa hiyo ni mafuta ya safari nzima. "Wangesimama mahali ninapowaona," alisema, "mbona ningepunguza?"

Mimi ninayesoma historia nilivutiwa na hiyo 50 yenyewe. Imo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973: kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na 80 kwa magari mazito yanapokuwa nje ya makazi. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Uingereza, sheria ya mwaka 1865 ilitaka mtu atangulie kwa miguu mbele ya gari, na mijini gari lisizidi maili mbili kwa saa. Januari 1896, katika jimbo la Kent, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alikamatwa akienda maili nane, yaani kama kilomita 13. Polisi alimfukuza kwa baiskeli. Alitozwa shilingi moja kwa kosa hilo la mwendo. Bodaboda wa Soni aliyepakia magunia mawili ya viazi angempita.

Mwaka huohuo wa 1896, huku kwetu Wajerumani walikuwa wanajenga reli kutoka Tanga. Ilifika Mombo mwaka 1905, na juu mlimani Lushoto ikawa inaitwa Wilhelmstal. Lakini amri ninayoikumbuka kila ninapomsikiliza mjomba ilikuja baadaye, chini ya Waingereza, na haikuhusu magari hata kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliona udongo wa Usambara unateremka na maji, ikaamuru wakulima wachimbe matuta mashambani. Hoja ilikuwa ya kweli: maji yakipunguzwa mwendo, udongo unabaki. Ila kazi ilikuwa nzito, ikawaangukia hasa wanawake waliokuwa wakilima chakula, na aliyekaidi alipelekwa barazani akatozwa faini. Watu wakagoma. Wengine waliamini serikali inatengeneza mashamba ili baadaye iyachukue. Chama cha TANU kilipofika milimani kilikuta hasira tayari imeiva, na mpango ule ukafa kabla ya uhuru.

Kiswahili kimeyaita yote mawili matuta, la shambani na la barabarani, na sidhani kama ni bahati tu. Yote ni udongo unaoinuliwa ili kitu kinachoteremka kisiue. Tofauti ni kwamba ya barabarani wananchi huyadai wenyewe. Mtoto akigongwa, wanakijiji hupanga mawe na matawi katikati ya lami na kusema hapiti mtu mpaka kiongozi aje aahidi matuta. Bibi zetu walikataa ya kuamriwa. Hawa wanafunga barabara ili wapewe. Nadhani tuta lina heshima ambayo tochi haina. Linaonekana, halichagui gari, na halikuulizi una kiasi gani mfukoni.

Hata hivyo siwezi kusimama upande wa mjomba moja kwa moja. Februari 2023, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, Coaster iliyokuwa ikisafirisha msiba kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi iligongana na Fuso. Sisi ni watu wa kusafiri na maiti. Kila familia ya Bumbuli niijuayo imewahi kukodi gari la namna hiyo usiku, wote wamechoka, dereva naye anahesabu saa za maziko. Nilimtajia. Alinyamaza kidogo, akasema anamfahamu dereva anayemfahamu dereva yule, kisha akabadilisha mazungumzo.

California, dereva aliyekamatwa anaweza kuhudhuria darasa ili kosa lisimchafulie rekodi. Kwetu faini inalipwa na yamekwisha. Darasa linakuja kwa mlango mwingine. Tangu sheria ya LATRA ya mwaka 2019, dereva wa gari la biashara anatakiwa kupimwa na kuthibitishwa. Kwa hiyo mjomba, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyejifunza udereva akiwa utingo, alikaa kwenye dawati na vijana wa umri wangu, na daftari la kona mbili. Alama za barabarani zilimsumbua, hasa zile ambazo hazijawahi kuwekwa Bumbuli. Siku ya mteremko mwalimu alieleza kwamba gia uliyopandia ndiyo unayoshukia, usitegemee breki. Vijana waliandika. Mmoja aliuliza breki zikishapata moto unafanya nini, na mwalimu akamgeukia mjomba. Alisimama akaeleza hadi muda wa chai ukapita.

Cheti anacho sasa. Amekilaminisha, anakitunza pamoja na leseni kwenye kisanduku cha gari, chini ya risiti ya ile faini.