Tarishi, Dalali na Msambaza Nyaraka

Hakimu akishatoa hukumu, shauri huwa halijamalizika. Lazima awepo mtu wa kuifikisha amri ya mahakama mlangoni pa mdaiwa. Katika makala haya tutaeleza majina aliyopewa mtu huyo nchini Tanzania, na sababu ya kuyapima upya.

Jina la kwanza ni tarishi. Katika mabaraza yaliyowekwa chini ya Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929, tarishi ndiye aliyechukua samansi na kuwaita watu shaurini. Mfumo huo ulikoma kwa sheria ya 1963 iliyoleta mahakama za mwanzo. Tarishi akabaki kuwa mchukua barua wa ofisini.

Jina la pili, dalali, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuonyesha njia. Katika mwambao lilikuwa neno la soko: hata katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa 1873, dalali ndiye aliyenadi binadamu wenzake. Kutoka sokoni likaingia mahakamani. Dalali wa mahakama hukamata mali kwa hati, kisha huiuza kwa mnada.

Hata hivyo, kazi hizi mbili hazilingani. Dalali wa soko humtumikia anayemlipa. Dalali wa mahakama huitumikia amri, na hana ruhusa ya kununua katika mnada anaousimamia. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, iliyofuata mfano wa ile ya India ya 1908, inamkataza kuingia nyumba ya kuishi baada ya jua kuchwa na kabla halijachomoza. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake havikamatwi, wala zana za fundi.

Kanuni za 2017 ziliweka kamati ya uteuzi na nidhamu, zikadai waombaji wapate mafunzo katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Pamoja na dalali, kanuni hizo zinamhusu pia yule ambaye kwa Kiswahili huitwa msambaza nyaraka.

Hapa ndipo tunapotia shaka. Kusambaza ni kueneza huku na huku, kama matangazo. Samansi haienezwi, hutiwa mkononi mwa mtu mmoja, naye hutia sahihi. Isipomfikia, aweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na nyumba yake ikanadiwa. Kwa hiyo twapendekeza mfikisha hati: jina hilo lamkumbusha mwenye kazi kwamba wajibu wake hautimii mpaka hati ifike.

Tangu sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, istilahi hizi si mapambo tena. Mwananchi aliyebishiwa hodi apaswa kuelewa, kwa jina tu, aliyesimama mlangoni ni nani na mamlaka yake yanaishia wapi.