Waliovunjika Uti wa Mgongo na Waliowatunza: Historia ya Tiba Tangu Misri ya Kale

Mwaka 1862, mjini Luxor, Mmarekani Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo lililoandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo. Wataalamu wa maandishi ya Misri wanaona kwamba mwandishi wake alikuwa akinakili kitabu cha zamani zaidi. Gombo hilo lina maelezo ya wagonjwa 48, wamepangwa kuanzia kichwani kushuka chini, na tabibu anatoa uamuzi wake kwa kila mmoja: huyu nitamtibu, huyu nitapambana na maradhi yake, huyu maradhi yake hayatibiki.

Mgonjwa wa 31 ameteguka pingili ya shingo. Hana habari na mikono yake wala miguu yake, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Mgonjwa wa 33 ameanguka kichwa chini, pingili moja ikadidimia ndani ya mwenzake, na sauti imekatika. Wote wawili wamepewa uamuzi wa tatu. Mgonjwa wa mwisho, wa 48, ameumia mgongo lakini hakupooza. Tabibu anamwambia anyooshe miguu kisha aikunje, naye anaikunja upesi kwa maumivu. Huyo anafaa kutibiwa na analazwa chali. Hapo maandishi yanakatika katikati ya sentensi.

Tabibu yule alikwisha kutambua jambo ambalo daktari wa leo hulitazama kwanza: je, miguu na mikono inasikia na kutii? Kumtambua aliyepooza kukawezekana mapema kabisa. Kumwokoa kulingoja miaka zaidi ya elfu tatu, na wokovu ulipofika ulikuja kwanza kupitia mikono ya wauguzi, kisu kikafuata nyuma. Makala haya yanaeleza jinsi ilivyokuwa, na kwa nini historia hiyo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki leo.

Mfupa na ugwe

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zile zilizoshikamana hadi kwenye kifandugu. Katikati yake umepita mfereji, na ndani ya mfereji umo ugwe mgongo, unaopeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha hisia. Kwa mtu mzima ugwe huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo yamebaki matawi ya neva.

Pingili huvunjika kwa namna nyingi. Anayeanguka na kufikia matako huweza kubonyea pingili upande wa mbele tu, akaumia sana lakini akatembea. Nguvu ikizidi, pingili hupasuka vipande na kimoja kikarudi nyuma kuusukuma ugwe. Mwili ukipindwa na kusokotwa kwa pamoja, kano hukatika na pingili moja ikahama juu ya nyingine. Mfupa huunga. Ugwe uliosagika hauungi kama mfupa, na hapo ndipo ulipo msiba wote wa jeraha hili.

Ngazi, benchi na mikono ya Cordoba

Wagiriki wa zama za Hippocrates, aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, walijaribu kuunyoosha mgongo kwa nguvu. Mgonjwa alifungwa kwenye ngazi, ngazi ikapandishwa mnarani, kisha ikaachiwa idondoke ili mtikisiko uzirudishe pingili mahali pake. Hippocrates aliieleza njia hiyo akawakemea walioipenda, akisema wengi wao walitaka tu kuushangaza umati. Yeye alipendelea benchi: mgonjwa alale kifudifudi, avutwe kwa mikanda upande wa kwapani na upande wa kiuno, na tabibu abonyeze kibiongo kwa viganja au kwa ubao uliochomekwa ukutani.

Galen wa Pergamon, katika karne ya pili, aliukata ugwe wa wanyama katika sehemu mbalimbali na kuangalia matokeo. Akikata juu shingoni, pumzi zilisimama. Akikata chini zaidi, mnyama aliendelea kupumua huku sehemu za nyuma zikiwa zimekufa ganzi. Tangu hapo ikajulikana kwamba mahali palipoumia ndipo panapoamua kitakachopooza. Katika karne ya saba, Paulo wa Aegina, aliyefanya kazi Alexandria, aliandika kwamba vipande vya mfupa vinavyougandamiza ugwe vingeweza kuondolewa kwa kupasua.

Elimu hiyo ilihifadhiwa na kukuzwa kwa Kiarabu. Hunayn ibn Ishaq alizifasiri kazi za Paulo, na Abu al-Qasim al-Zahrawi wa karibu na Cordoba, aliyefariki yapata mwaka 1013, akaandika *Kitab al-Tasrif*, kitabu chenye sehemu 30, ya mwisho ikiwa ya upasuaji. Kwenye mlango wa pingili zilizovunjika anamfundisha tabibu aipime mikono na miguu ya mgonjwa: kama imelegea na haisikii inapofinywa, hali ni ya hatari. Huko Amasya, mwaka 1465, Şerafeddin Sabuncuoğlu aliandika kitabu cha upasuaji kwa Kituruki na kukitia picha za rangi, zikiwemo za tabibu akiuvuta na kuubonyeza mgongo. Vizazi kwa vizazi, mbinu za kuuvuta mfupa ziliboreshwa. Hatima ya aliyepooza ilibaki ileile.

Kisu kabla ya wakati wake

Mwaka 1814, katika hospitali ya St Thomas's, London, daktari Henry Cline alimpasua mtu aliyevunjika mgongo na kuondoa sehemu ya nyuma ya pingili ili kuupa ugwe nafasi. Mgonjwa alifariki. Ukazuka ubishi mkali kati ya Astley Cooper, aliyeiunga mkono njia hiyo, na Charles Bell, aliyeipinga. Kila mmoja alikuwa na hoja, lakini zama hizo hapakuwa na dawa ya usingizi, ambayo ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, wala kinga ya usaha, ambayo Joseph Lister aliitangaza mwaka 1867. Kupasua mgongo kulikuwa karibu sawa na kuharakisha kifo.

Hata wakubwa hawakunusurika. Admirali Nelson alipigwa risasi iliyopita kwenye uti wa mgongo katika vita vya Trafalgar, Oktoba 21, 1805. Alijua mara moja kwamba miguu imekwisha, na akafa baada ya saa chache.

Mlango ulifunguka kidogo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1891 Berthold Hadra, huko Galveston, Texas, alifunga kwa waya pingili za shingo zilizoachana. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, na kwa mara ya kwanza daktari akaweza kuuona mfupa uliovunjika bila kuupasua mwili. Mwaka 1933 Gayle Crutchfield wa Virginia alibuni koleo za kushika fuvu, ambazo huning'inizwa uzito ili shingo ivutwe polepole hadi pingili zirudi mahali pake. Njia ya namna hiyo bado inatumika katika hospitali nyingi, zetu zikiwemo.

Lakini waya na eksirei havikutosha: kabla ya koleo hizo kubuniwa, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeleta taarifa za kuhuzunisha. Harvey Cushing, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, alieleza kwamba asilimia 80 ya askari waliopooza kwa jeraha la mgongo walikufa katika wiki za mwanzo. Kilichowaua hasa ni vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mtu asiyehisi makalio yake hajigeuzi. Damu haifiki kwenye ngozi iliyogandamizwa, nyama inakufa, kidonda kinachimba hadi mfupani. Kibofu kisichotii hujaa, mkojo hurudi kwenye figo, na homa humaliza kazi.

Saa mbili kwa saa mbili

Donald Munro wa Boston alifungua wodi maalumu ya wagonjwa hawa mwaka 1936, na ndiye aliyetangulia kuonyesha kwamba wanaweza kuishi. Aliyeibadili dunia ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi wa Kijerumani aliyewakimbia Manazi na kufika Uingereza mwaka 1939. Februari 1944 alikabidhiwa kituo kipya cha majeraha ya mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, ili kupokea majeruhi wa vita.

Wagonjwa walimfikia wamefungwa plasta za jasi, na chini ya plasta ngozi imeoza. Guttmann aliziondoa. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kuruka zamu: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Mito iliwekwa mahali ambapo mfupa unakaribia ngozi, na kila alipogeuzwa ngozi ilikaguliwa. Mkojo ulitolewa kwa uangalifu mkubwa ili mpira wa kutolea mkojo usiingize vijidudu. Dawa za kuua bakteria, zilizokuwa zimeanza kupatikana, zilisaidia, lakini hazingetosha kwa mtu anayelala ubavu mmoja usiku kucha.

Kisha akawatoa kitandani. Palikuwa na karakana za useremala na za kutengeneza saa, na palikuwa na michezo. Julai 29, 1948, siku Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16, wanawake wawili wakiwemo, walishindana kulenga shabaha kwa upinde uwanjani Stoke Mandeville. Mwaka 1960 michezo hiyo ilifanyika Roma kwa wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, na leo tunaiita Paralimpiki. Kenya na Uganda ziliingia mwaka 1972 huko Heidelberg.

Mwaka huohuo wa 1972, Jack Lapides wa Michigan alitangaza kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe mara kadhaa kwa siku akitumia mpira safi tu, si lazima uliotakaswa kwa mitambo ya hospitali. Wengi walishangaa, lakini njia hiyo iliokoa figo za watu wengi, na haikuhitaji mashine yoyote.

Vyuma na picha

Upasuaji nao ulipiga hatua. Paul Harrington wa Houston alitangaza mwaka 1962 fimbo zake za chuma, alizozibuni kwa watoto waliopinda mgongo. Baadaye zikatumika kwa waliovunjika. Raymond Roy-Camille wa Paris alianza mwaka 1963 kupitisha skrubu ndani ya pingili kutoka nyuma, njia ambayo ndiyo msingi wa upasuaji wa sasa. Frank Holdsworth, aliyewatibu wachimba makaa wa Sheffield walioangukiwa na dari za migodi, aliwafundisha madaktari kutenganisha mvunjiko uliotulia na ule unaoweza kuhama. Francis Denis akaongeza mwaka 1983 kwamba mgongo utazamwe kama nguzo tatu: ya mbele, ya kati na ya nyuma. Mashine ya CT, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, iliwezesha nguzo hizo kuonekana. Mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake, Allan Cormack, aliyaanza mawazo hayo akiwa mwanafizikia Cape Town.

Leo mvunjiko uliotulia hutibiwa kwa dawa za maumivu, mkanda wa kuushikilia mgongo na mazoezi. Usiotulia, au unaougandamiza ugwe, huhitaji kupasuliwa, na mapema ni bora: madaktari hulenga saa 24 za mwanzo. Mzee ambaye mifupa yake imedhoofika anaweza kuvunjika pingili kwa kuinua ndoo tu. Huyo atibiwe na udhaifu wa mfupa wenyewe. Na mtu ambaye pingili yake imeporomoka bila ajali apimwe kifua kikuu, kwa kuwa huingia mifupani pia.

Vyuma hivi humwezesha mgonjwa kukaa na kuanza mazoezi mapema. Havifufui ugwe uliokufa.

Mzigo wetu

Katika nchi zetu watu huanguka kutoka kwenye minazi, miembe na michikichi, huangukiwa na vifusi machimboni, na siku hizi bodaboda zimezidisha majeruhi. Tunazo taasisi za kuwahudumia: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa 1971, pamoja na chuo jirani cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa vifaa vya viungo tangu 1981, na hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo ya Nairobi. Lakini jeraha hutokea kijijini au barabarani, mbali na hapo.

Ndiyo maana mikono ya kwanza ina uzito. Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa kushikwa kwapani na magotini, wala asikunjwe kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mmoja ashike kichwa kisigeuke, wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao au mlango, na afungwe asiteleze. Wahazigi wa vijijini, ambao wana ujuzi wa kweli wa kuunga mkono au mguu kwa gango, nao waelewe kwamba mgongo haukandwi wala hauvutwi. Wampeleke mgonjwa hospitali moja kwa moja.

Wodini, ndugu anayeuguza ndiye mara nyingi anayefanya kazi ya muuguzi. Afundishwe: saa za kugeuza ziandikwe na kubandikwa juu ya kitanda, ngozi itazamwe kwenye makalio, visigino na nyonga, mpira wa mkojo ushikwe kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Mgonjwa anaporudi nyumbani, anahitaji kiti cha magurudumu kinachomtosha mwili wake na mto wa kukalia, njia ya mteremko mahali penye ngazi, na kazi ya kufanya.

Serikali zetu zinaponunua mashine za picha na skrubu za titani, zinafanya jambo jema na zisiache. Lakini bajeti hiyohiyo iwaajiri wauguzi wa kutosha kumgeuza kila mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku wa manane kama mchana, na iwalipie wataalamu wa mazoezi ya viungo hadi hospitali za wilaya. Huko Stoke Mandeville huduma hiyo ilianza kuokoa maisha mwaka 1944, katikati ya vita na uhaba, na kila hospitali yetu inaweza kuianza kwa vitanda na mito iliyonayo sasa.